Miungu Wenye Safari

Katika mahekalu ya Kihindu ya kusini mwa India, mungu wa jiwe hatoki. Amejengewa chumba kidogo chenye giza, akapachikwa sakafuni, na hapo atakaa hadi hekalu lenyewe lianguke. Anayetoka ni mwenzake wa shaba. Huyu huogeshwa kwa maziwa na maji ya msandali, huvishwa hariri na mashada ya maua mpaka vibaki kuonekana uso na viganja tu, kisha hupitishiwa miti kwenye vishikio vya kitako chake na kubebwa mabegani kuuzunguka mji. Kwa karne nyingi walikuwako watu ambao tabaka lao halikuwaruhusu kuvuka kizingiti cha hekalu. Hao walimwona mungu wao siku hiyo tu, barabarani.

Sanamu za shaba za nchi ya Watamili, ambazo leo zimejaa katika makumbusho ya dunia, zilizaliwa na haja hiyo ya kutembea. Kutembezeka huko ndiko baadaye kulikozifanya ziweze kufichwa, kuibwa na kusafirishwa hadi London na Canberra.

Kabla ya mwaka 850: watakatifu waendao kwa miguu

Ufundi wa kusubu madini kwa nta ulikuwepo India zamani sana. Mwaka 1926, katika magofu ya Mohenjo-daro, Pakistan ya leo, ilifukuliwa sanamu ya msichana wa shaba yenye urefu wa sentimita 10 na nusu: mkono mmoja kiunoni, mwingine umejaa bangili toka bega hadi kifundo, na uso wa mtu asiyebabaishwa na yeyote. Ana umri wa zaidi ya miaka 4,000, na kabla ya kuwa wa shaba alikuwa wa nta. Miaka elfu mbili na zaidi ikapita, na waliokuja kuukuza ufundi huo kwa makubwa walikuwa Wabudha. Buddha wa Sultanganj, aliyepatikana kaskazini mwa India na sasa akiwa Birmingham, ana urefu wa zaidi ya mita 2.

Kusini mambo yaligeuka kati ya karne ya 6 na ya 9. Washairi wa dini, Wanayanmar 63 waliomwimbia Shiva na Waalvar 12 waliomwimbia Vishnu, walitembea kijiji hadi kijiji wakiimba kwa Kitamili badala ya Kisanskriti cha makuhani. Kati yao walikuwemo watu wa tabaka la chini, na wanawake pia. Mungu waliyemwimba ana makazi yake mahali fulani, chini ya mti fulani, kando ya mto fulani. Anapendeka, anatongozeka, anagombezeka. Mungu wa namna hiyo hakuweza kuachwa gizani mwaka mzima. Alipaswa kutoka kama mfalme anavyotoka kukagua mji, apigiwe ngoma, apungiwe vipepeo, arudi jioni kulala na mkewe.

Jiwe halikufaa kwa shughuli hiyo. Chini ya wafalme wa Pallava, mafundi walianza kusubu miungu ya shaba midogo midogo, mingi yake mifupi kuliko mkono wa mtu. Ukubwa ulikuja na fedha, na fedha ilikuja na mpunga.

850 hadi 1014: mjane na mwanawe wa taji

Karibu mwaka 850 mtemi aitwaye Vijayalaya aliuteka mji wa Thanjavur, penye delta ya mto Kaveri, akaanzisha utawala wa Chola. Delta hiyo ni tambarare, ina udongo mweusi, na tangu kale imekatwakatwa na mifereji. Ilivuna mpunga wa kutosha kulisha majeshi, na ziada yake ikaenda kwa mahekalu. Watu walitoa mashamba, kondoo wa kutoa samli ya taa, na sanamu.

Anayestahili kutajwa kabla ya wafalme ni mwanamke. Sembiyan Mahadevi alifiwa na mumewe, mfalme Gandaraditya, karibu mwaka 957. Mwanawe, Uttama Chola, alikuwa bado mdogo, na kiti kikaenda kwa wengine kabla ya kumfikia. Mjane huyo akaishi miaka 40 na zaidi, akiyavunja mahekalu ya matofali na kuyajenga upya kwa mawe, na kuyapa sanamu za shaba. Katika zama zake ndipo Shiva mcheza ngoma, Nataraja, aliposhika nafasi ya mbele: mguu mmoja umemkanyaga mbilikimo wa ujinga, mwingine umeinuliwa, mkono mmoja una kigoma cha kuumbia, mwingine una moto wa kuteketezea, nywele zimetawanyika, na duara la ndimi za moto limemzunguka. Wafalme wa Chola walimfanya Nataraja wa hekalu la Chidambaram kuwa mlezi wa ukoo wao, na fundi aliyetaka kazi alijua la kusubu.

Katika jumba la makumbusho la Freer mjini Washington iko sanamu ya mwanamke mwembamba, mabega yameinama, mkono mmoja umening'inia kama mkonga wa tembo. Huitwa Parvati, mke wa Shiva, lakini wataalamu wengi wanaamini ni Sembiyan mwenyewe aliyepewa umbo la mungu. Mimi huelekea kukubaliana nao, kwa kuwa uso ule si wa kawaida wa miungu wa zama hizo.

Kisha akaja Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala toka 985 hadi 1014. Hekalu lake kuu la Thanjavur, lenye mnara unaopita mita 60, lilikamilika mwaka 1010. Kuta zake zimechorwa maandishi kama daftari la mhasibu: nani ametoa sanamu ipi, ina urefu wa vidole vingapi kutoka kisigino hadi utosini, ina mikono mingapi, na vito vyake vina lulu ngapi. Sanamu nyingi zilizoorodheshwa humo hazipo tena. Ila kwa sababu ya ukuta ule tunajua kwamba hazikuwa mapambo. Zilikuwa na mali, na watumishi, na ratiba ya kuoga. Mwaka 1011, kwa hekalu la Tiruvenkadu, ilitolewa sanamu ya Shiva amesimama kwa kuegemea ng'ombe dume. Ng'ombe amepotea, mkono wa mungu bado umeinama juu ya mgongo ambao haupo. Mkewe aliletwa mwaka uliofuata. Wote wawili wako Thanjavur, na kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya zama za Chola, ningemchukua huyo asiye na ng'ombe.

Shaba iliyovuka bahari

Delta ya Kaveri ina maji, udongo na mpunga, shaba haina. Hapa ndipo historia ya sanamu inapoungana na ya jahazi. Majeshi ya Rajaraja yalivamia Sri Lanka mwaka 993, na mwanawe Rajendra akatuma meli hadi Srivijaya, katika Sumatra ya leo, mwaka 1025. Vita hivyo vilikuwa vya kugombea njia za biashara. Madini yenyewe nayo yana la kusema: Sharada Srinivasan, mtaalamu wa madini aliyepima sanamu zaidi ya 100 za kusini mwa India, ameonyesha kwamba alama zilizomo ndani ya risasi iliyochanganywa na shaba hubadilika kufuatana na zama, hata sanamu yenye mashaka inaweza kuwekwa katika karne yake kwa kipimo cha maabara.

Pwani ya magharibi, Malabar, haikuwa ya Wachola, lakini imetuachia ushahidi ulio hai kuliko wowote. Katika karne ya 12 Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara Myahudi kutoka Tunisia, alikuwa na karakana ya shaba huko na akiwatumia mafundi wa Kihindi. Barua zake zilihifadhiwa Cairo. Wateja wake wa Aden walimpelekea mabirika yaliyotoboka na sinia zilizovunjika ziyeyushwe, wakieleza kwa makini wanataka zirudi na umbo gani. Chuma chakavu kikivuka bahari ili kirudi kikiwa kipya!

Pwani yetu nayo ilikuwamo. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji walioongozwa na Mark Horton walipata simba wa shaba wa sentimita 6 hivi, katika tabaka la mwaka 1100 au karibu yake. Amesubiwa kwa nta, na umbo lake ni la simba wa madhabahu za Kihindi. Wako wanaosema aliletwa kutoka India, na wako wanaodhani alifanywa hapa hapa na fundi aliyeijua kazi ya huko. Vyovyote iwavyo, mtu wa Pate aliyemshika mkononi miaka 900 iliyopita hakuwa mgeni wa dunia ninayoieleza.

Karne ya 12 na baadaye: nta, matope na moto

Karibu mwaka 1131, Someshvara wa Tatu, mfalme wa Wachalukya wa Dekani, alikusanyiwa kitabu kikubwa cha elimu za utawala, *Manasollasa*. Ndani yake, pamoja na mapishi na uwindaji, kuna maelezo ya kusubu sanamu kwa nta. Muda si mrefu baadaye Rajaraja wa Pili alijenga hekalu la Darasuram karibu na Kumbakonam. Koo za mafundi wa Swamimalai, mji mdogo ulio kilomita chache kutoka hapo, husema kwamba babu zao waliitwa kwa kazi ya mahekalu ya Wachola, Darasuram likiwemo, wakakuta matope ya Kaveri yanafaa wakalowea. Fundi wao huitwa sthapati. Hatua anazofuata leo msomaji wa *Manasollasa* angezitambua.

Kazi huanza na ukuti wa mnazi. Fundi huukata sawa na urefu wa sanamu, kisha huukunja na kuukunja mpaka ugawanyike sehemu zilizo sawa. Kipimo cha msingi ni urefu wa uso, na uso una vidole 12. Mungu mkuu hupewa nyuso 9 au 10 kwa kimo chake. Mbilikimo hupewa 4. Mikunjo ya ukuti humwambia fundi kitovu kinakaa wapi na goti linaanzia wapi. Rula haina kazi hapo, maana kipimo kinazaliwa na sanamu yenyewe, iwe ya shibiri moja au ya kimo cha mtu.

Nta ya nyuki huchemshwa pamoja na utomvu mgumu wa mti uliosagwa na mafuta kidogo ya karanga, ikachujwa kwa kitambaa ndani ya maji baridi. Ikiwa laini mno vidole vya mungu vitalala. Ikiwa ngumu mno vitakatika. Kichwa, kiwiliwili na mikono hufinyangwa mbalimbali, kisha huungwa kwa chuma kilichopashwa moto. Mikufu ni nyuzi za nta zilizoviringishwa juu ya ubao na kulazwa kifuani moja moja. Karibu kuna ndoo ya maji, kwa kuwa joto la Tamil Nadu mwezi wa Mei humyeyusha mungu kabla ya wakati wake. Sanamu ikikamilika hupimwa kwenye mizani, na hapo mteja hujua bei: kila kilo ya nta itadai kilo 8 au 9 za shaba.

Halafu matope. Tabaka la kwanza ni tope laini la mto Kaveri, lililosagwa na kumvi za mpunga zilizounguzwa na mavi ya ng'ombe, likapakwa kwa vidole jembamba kama uji. Hilo ndilo litakalobeba kila mstari wa nyusi. Hukaushwa kivulini, kamwe si juani. Tabaka la pili ni udongo wa shamba la mpunga uliotiwa mchanga, na la tatu ni la mchanga wa chembe kubwa. Kisha kalibu hufungwa waya za chuma isije ikapasuka, na matundu ya kuingizia shaba na kutolea hewa huachwa wazi.

Siku ya moto, kalibu hupashwa juu ya samadi kavu mpaka nta yote itiririke nje. Huzikwa shimoni matundu yakitazama juu, na shaba iliyopita nyuzi 1,000 humiminwa kwa mkondo mwembamba usiokatika. Ukikatika, sanamu ina mshono, na kazi ya miezi imekwenda. Desturi hudai madini matano, yaani *panchaloha*, lakini dhahabu na fedha ni chembe tu, mara nyingi pete au hereni ambayo mteja huitumbukiza mwenyewe chunguni. Kilicho kingi ni shaba nyekundu, pamoja na shaba ya manjano na risasi. Na hujazwa yote: sanamu za kusini zimejaa shaba ndani nje, tofauti na za Nepal zilizo na uwazi. Mungu mwenye tundu tumboni huaminika kuleta nuksi.

Kalibu ikipoa huvunjwa kwa nyundo. Hapo hakuna cha kutumia mara ya pili. Nta imekwenda, matope yamekuwa vigae, sanamu ni hiyo moja. Inatoka nyeusi, ina mapembe ya shaba iliyojaa kwenye matundu, na huanza miezi ya tindo, tupa na msasa. Hapa ndipo pana tofauti na zamani. Fundi wa Chola alimaliza karibu kila kitu kwenye nta. Wa leo huacha mapambo hadi shaba igande, akayachonga kwa tindo. Kazi ya leo ni kali zaidi kwa mistari, na nyingi yake, kwa jicho langu, imezidi ukali.

Macho huja mwisho, siku ya kuwekwa wakfu, kwa ncha ya dhahabu. Kabla ya hapo sanamu ni bidhaa, inaweza kulazwa chini, kuwekewa kikombe cha chai juu yake.

1311: miungu chini ya ardhi

Mwaka 1311 Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, alifika Madurai na majeshi yake. Habari zilimtangulia, na makuhani wakafanya ambalo vitabu vyao vya ibada viliwaelekeza wakati wa hatari: wakachimba mashimo, wakatandika mchanga, wakawalaza miungu, wakafukia. Wengine walifichwa ndani ya kuta. Waliojua mahali walikufa au walikimbia, na siri ikafa nao.

Ni rahisi kuisimulia hadithi hii kama ya Waislamu na Wahindu, na wengi huisimulia hivyo. Lakini kubeba mungu wa adui ulikuwa mchezo wa wafalme wa Kihindu zamani kabla ya hapo. Rajadhiraja Chola alipouchoma mji wa Kalyani, wa Wachalukya, Wahindu wenzake, katikati ya karne ya 11, aliondoka na mlinzi wa mlango wa jiwe, akamwandika kwamba ni nyara, akamsimamisha kwao.

Ufalme wa Vijayanagara uliyafufua mahekalu, na sanamu zikasubiwa tena kwa wingi, zenye pua kali na viuno vilivyokakamaa. Nitazipita.

1878 hadi 1951: jembe lagonga chuma

Mkulima akilima, jembe likagonga. Ndivyo nyingi zilivyorudi. Sheria ya hazina ya mwaka 1878, ya Waingereza, iliipa serikali mamlaka juu ya vitu vya namna hiyo, na makumbusho ya Madras yakajaa. Huko alikuwa Nataraja wa Tiruvalangadu, ambaye picha zake zilipelekwa kwa mchongaji Auguste Rodin. Aliyoyaandika kwa kustaajabu mwaka 1913 yalichapishwa mwaka 1921, akiwa amekwisha kufa. Ananda Coomaraswamy, mzaliwa wa Colombo, alitoa kitabu chake juu ya ngoma ya Shiva mwaka 1918. Tangu hapo kitu cha ibada kikawa pia kitu cha sanaa, na kitu cha sanaa kina bei.

1954 hadi 2014: mungu ashtaki

Nataraja wa Sivapuram alichimbuliwa mwaka 1951 na kukabidhiwa hekalu la kijiji. Mwaka 1954 alipelekwa kwa fundi atengenezwe. Aliyerudi alikuwa nakala, na wanakijiji wakaiabudu bila kujua. Ufundi uleule uliomwumba ulikuwa umemfichia mwizi nyayo. Mwaka 1965 Douglas Barrett wa British Museum aliandika wazi kwamba wa hekaluni ni bandia. Mwaka 1973 tajiri wa California, Norton Simon, alimnunua wa kweli kwa dola 900,000. Baada ya kesi wakapatana, na mwaka 1986 akarudishwa India.

Kisa cha Pathur kilienda mbali zaidi. Nataraja wake alifukuliwa na kibarua mwaka 1976, akauzwa mkono kwa mkono hadi London, na polisi wakamkamata mwaka 1982. Mahakama ililetewa ushahidi wa madini, wa udongo, hata wa vijia vya mchwa juu ya shaba, kulinganisha na sanamu nyingine za shimo lile. Hekalu lililobomoka karne nyingi zilizopita lilikubaliwa kuwa mdai. Mwaka 1991 sanamu ikarudi.

Shiva wa Sripuranthan aliibwa katika hekalu lililoachwa kwa popo, akafikia Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, mjini Canberra, mwaka 2008 kwa dola milioni 5 hivi. Kilichomuumbua mwuzaji wa New York ni picha nyeusi-nyeupe: Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry ilikuwa imepiga picha sanamu za mahekalu tangu miaka ya 1950, na alama za mwilini zililingana. Septemba 2014 waziri mkuu wa Australia alimkabidhi mikononi mwa mwenzake wa India.

Leo, kando ya Kaveri

Swamimalai haijafungwa. Mahekalu ya Watamili wa Malaysia, Singapore, Uingereza na Kanada huagiza huko, na shaba nyingi zaidi huishia sebuleni. Septemba 2023, kwa mkutano wa G20, Nataraja wa futi 27 na tani 18 alisimamishwa mbele ya ukumbi wa mikutano wa New Delhi, amesubiwa kwa nta na sthapati wa Swamimalai. Alisafirishwa kwa lori, nchi nzima kutoka kusini hadi kaskazini, na hakuna mabega yatakayombeba tena.

Kwa sanamu za kawaida kikwazo ni karatasi. Wezi wa miaka iliyopita walizipitisha sanamu za kale bandarini zikiwa zimeandikwa kazi za mikono za kisasa, zimechanganywa na mpya ndani ya sanduku moja. Sheria ya mwaka 1972 inakataza kutoa nchini sanamu yenye miaka 100 au zaidi. Kwa hiyo fundi anayetaka kupeleka Ganesha wake Toronto humpiga picha mbele na nyuma, humpeleka kwa maofisa wa idara ya mambo ya kale, na kungoja cheti kinachothibitisha kwamba mungu huyo ni mpya.